Kukaa Mafia bila kuhangaika: mwongozo kamili wa siku tano Utende na ghuba ya Chole

Kila likizo inapokwisha napokea ujumbe unaofanana. Mtu ametoka Dar es Salaam, amelipia chumba kizuri ufukweni Mafia, na asubuhi yake ya kwanza, saa tano, anakuta bahari imeondoka. Mbele yake kuna tope, majani ya bahari na ngalawa zilizolala ubavu. Mwingine alikwenda mwezi wa Mei kutafuta papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote. Mwingine alifika Utende na kadi ya benki tu mfukoni.

Wote hawa walipanga safari kwa kalenda ya kazini. Mafia hupangwa kwa pepo na maji. Ukishalijua hilo mapema, kisiwa kinakuwa rahisi sana, na utulivu unaousikia kwa watu utaupata kweli.

Nimeuandika mwongozo huu kwa anayetaka kulala Utende, kusini mashariki mwa kisiwa, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi hiyo ndiyo ya kwanza ya bahari nchini Tanzania. Ilianzishwa mwaka 1995 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Kitambulisho cha taifa kwa kila mtu mzima. Bila hicho unaweza kutozwa ada ya mgeni, na tofauti yake ni kubwa.
- Fedha taslimu za kutosha siku zote, pamoja na salio kwenye simu.
- Begi laini lisilo na magurudumu. Kwenye ndege ndogo uzito unaoruhusiwa kwa kawaida ni kilo 15, na begi gumu halikunjiki kuingia kwenye buti yake.
- Viatu vya mpira vinavyofunga kisigino. Ndala huvuliwa na tope.
- Miwani ya kuzamia na mrija wake, kama unavyo. Vya kukodi vipo, ila miwani isiyokaa sawasawa usoni itakuharibia siku nzima.
- Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo. Mgongo wa anayeelea akitazama chini huungua bila yeye kujua.
- Tochi, dawa ya mbu, dawa ya kichefuchefu cha bahari, na dawa zako za kila siku. Malaria ipo kisiwani.
- Kanga au kitambaa kikubwa cha kujifunika ukitoka majini.
- Mfuko wa kitambaa au kapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

## Hatua ya 1: Chagua msimu kwa unachotaka kuona

Amua kwanza jambo moja kuu unalolifuata. Hakuna mwezi unaokupa vyote.

Papa potwe: Oktoba hadi Machi, na uhakika mkubwa zaidi uko Novemba hadi Februari. Utafiti uliofanywa kwa vifaa vya kufuatilia samaki umeonyesha kuwa wengi wao wapo Mafia mwaka mzima, lakini nje ya miezi hiyo huhama kina na kwenda mbali na pwani, kwa hiyo hutawaona. Jua ni kali na vuli hunyesha katikati yake, kwa kawaida kwa vipindi vifupi.

Watoto wa kasa: Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri ya kuwaona wakitoka mchangani katika kisiwa cha Juani. Huu ni wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini. Hewa ni ya baridi kidogo na upepo ni mkali, hivyo miamba ya nje huwa haifikiki siku nyingi. Ndani ya ghuba ya Chole kuna kinga, na boti huendelea kutoka. Agosti hadi Oktoba nyangumi nao hupita.

Aprili na Mei usiende. Ni masika. Bahari imechafuka, maji ni ya ukungu, na sehemu nyingi za malazi hufunga kufanya ukarabati. Bei rahisi utakayotajiwa miezi hiyo ina sababu yake.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Wakazi wengi wa Mafia ni Waislamu, na katika Ramadhani migahawa ya mjini hufungwa mchana. Hoteli zitakupikia, lakini safari za mashua hupunguzwa kasi, kwa kuwa nahodha wako amefunga.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: naenda mwezi fulani, kwa ajili ya kitu fulani.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo soma taratibu.

Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hupanda sana, kisha hukupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita tatu. Wiki moja baadaye kuna maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na bahari haiondoki mbali.

Faida kubwa ni kwamba saa zake hazibadilikibadiliki ovyo. Ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, unajua saa ya maji:

Bamvua (karibu na tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 18, za mwezi mwandamo): maji hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Hukupwa saa nne hadi saa tano asubuhi. Ukikaa Utende siku hizi, asubuhi ni ya kutembea kwenye tope gumu kutazama viumbe, na kuogelea ni kuanzia saa nane mchana.

Maji mafu (karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 25, za mwezi mwandamo): maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na hata yakikupwa jioni hayaachi pwani tupu sana. Siku hizi zinafaa kwa familia yenye watoto wanaotaka kuoga baada ya chai ya asubuhi.

Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni huu: fika siku mbili kabla ya maji mafu. Utaogelea asubuhi karibu siku zote tano, mikondo kwenye milango ya ghuba itakuwa mipole, na siku za mwisho maji yataanza tena kukupwa sana kiasi cha kuona upande huo mwingine wa pwani.

Onyo: saa hizi ni za makadirio. Chukua jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam uhakikishe; Mafia haipishani nalo sana.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye siku zako tano, na pembeni ya kila siku umeandika saa ya maji kujaa na saa ya kukupwa. Ibebe. Utaitumia zaidi kuliko ramani.

## Hatua ya 3: Chagua pa kulala, na uliza kabla ya kulipa

Kuna sehemu tatu za kufikiria. Kilindoni ni mji mkuu wa wilaya. Gesti ni za bei nafuu na boti za potwe huondokea karibu, lakini huko utaishi mjini. Utende ni kijiji kilicho mbele ya ghuba, chenye malazi ya kila kiwango, kuanzia banda la makuti hadi hoteli ya gharama. Kisiwa cha Chole, ng'ambo ya Utende, hakina magari kabisa na kina utulivu wa ajabu, ila kila ukitaka kitu unavuka kwa mashua.

Mimi napendekeza Utende. Piga simu, usiishie kwenye picha. Picha zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Uliza haya:

1. Bei hiyo ni ya mkazi au ya mgeni?
2. Imejumlisha milo mingapi? Utende hakuna migahawa mingi, na usiku hutatembea kutafuta chakula.
3. Ada ya hifadhi imo, au nalipa mwenyewe?
4. Nitapokelewa uwanja wa ndege au bandarini Kilindoni?
5. Umeme ukikatika mna nini? Feni inafanya kazi usiku?
6. Chandarua kipo na ni kizima?
7. Maji yakikupwa, naweza kuoga wapi?

Swali la saba ndilo linalokuonyesha mwenyeji mkweli. Akikwambia kwamba yakikupwa watakupeleka kwa mashua kwenye fungu la mchanga, au kwamba usubiri hadi saa nane, huyo anaijua pwani yake. Akisema pale kwake maji hayakupwi, tafuta kwingine.

Umefaulu ukiwa na majibu yote kwa maandishi, hata ya ujumbe wa simu.

## Hatua ya 4: Amua njia ya kufika

Kwa ndege: kutoka Dar es Salaam ni kama nusu saa angani. Ndege ni ndogo, na uwanja uko Kilindoni penyewe. Kaa dirishani, ukiruka siku ya anga safi utaona delta ya Rufiji, mikoko na vijito vyake, kisha miamba ya bahari inaanza.

Kwa bahari: panda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, ukipita Mkuranga na kukunja kushoto Bungu. Nyamisati unapanda kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, au boti za abiria hadi Kilindoni.

Njia ya bahari ni ya bei nafuu, na wakazi wengi wa Mafia huitumia. Ila ina masharti yake. Muda wa kuondoka hubadilika kufuatana na maji na hali ya hewa, kwa hiyo uliza siku moja kabla, na utoke Dar alfajiri. Msimu wa kusi mawimbi huwa makubwa. Meza dawa ya kichefuchefu saa moja kabla ya safari, kaa katikati au nyuma ya chombo, tazama mbali.

Onyo ambalo sitalipunguza: usipande chombo kilichojaa kupita kiasi, na usipande kama hujaonyeshwa jaketi okozi lako. Ukiambiwa yapo, omba uvalishwe. Mamlaka ya hali ya hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, lala Nyamisati au urudi.

## Hatua ya 5: Maliza mambo ya pesa Kilindoni

Ukishuka, usikimbilie Utende. Benki ziko Kilindoni, duka la dawa liko Kilindoni, soko liko Kilindoni, Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni. Toa fedha, nunua matunda na maji, kisha ndiyo upande gari. Utende ni kama kilomita 15 kwa barabara ya lami. Bajaji, bodaboda na daladala zipo, lakini patana bei kabla ya kupandisha mizigo.

Kabla ya kuingia Utende kuna geti la hifadhi. Ada hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Toa kitambulisho cha taifa, taja idadi kamili ya siku, na hifadhi risiti. Walinzi wa hifadhi wanaweza kuiomba hata mkiwa kwenye boti. Aliyelipa siku mbili akakaa nne hujikuta anarudi getini katikati ya likizo.

## Hatua ya 6: Siku ya kwanza, salimia na umtafute nahodha

Usipange safari yoyote siku ya kufika. Tembea pwani, ukiwa umejisitiri. Vazi la kuogelea ni la majini na mbele ya hoteli. Kijijini vaa nguo zinazofunika mabega na magoti. Wazee wanaotengeneza nyavu chini ya mti waamkie shikamoo kabla ya kuuliza chochote. Usipige picha za watu bila ruhusa, hasa akina mama wanaookota pwani.

Kisha mtafute nahodha, kupitia hoteli au chama cha waongozaji cha kijijini, na mwonyeshe ile karatasi yako ya maji. Nahodha mzuri ataitazama, atageuka kuangalia mti uliosimikwa kwenye maji mafupi, ataona alama ya unyevu imefika wapi, na atakwambia saa ya kuondoka bila kufungua simu. Mkubaliane bei ya chombo kizima, saa za kutoka na kurudi, na kama chakula kimo.

Umefaulu ukilala usiku huo ukijua kesho unaondoka saa ngapi na nani.

## Hatua ya 7: Kutazama matumbawe ndani ya ghuba

Ghuba ya Chole hupumua kupitia milango yake, mkubwa ukiwa wa Kinasi. Maji yanapojaa, maji safi ya bahari kuu huingia, na unaona mbali. Yanapokupwa, hutoka yakiwa yamebeba matope ya mikokoni, na mkondo unaelekea nje.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ingia majini wakati maji yanajaa, na toka kabla hayajageuka. Hii ni kwa ajili ya kuona vizuri, na pia kwa ajili ya uhai wako. Mkondo wa kukupwa kwenye mlango wa ghuba unaweza kumvuta mwogeleaji hodari hadi nje ya miamba.

Mambo ya kufanya:

1. Temea mate ndani ya kioo cha miwani, paka, suuza. Ukungu hautaingia.
2. Jaribu mrija kwanza pale unapoweza kusimama.
3. Ingia wawili wawili, na mwambie nahodha asiondoke karibu.
4. Usisimame juu ya matumbawe. Yako hai, hukua polepole mno, na hukata.
5. Buruta miguu unapotembea kwenye mchanga wenye maji, ili taa, yule samaki bapa, aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Mwiba wake una sumu.

Ukichomwa na taa au na yule samaki anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, na uende hospitali moja kwa moja. Usiokote makombe wala kununua ya kuuza. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na uwanja wa ndege yatakuletea matatizo.

Wanaozamia na mtungi: siku ya mwisho isiwe ya kuzamia. Kati ya kuzamia na kupanda ndege acha saa 18 kwa uchache, na 24 ni bora zaidi. Hili halina majadiliano, hata kama ndege ni ndogo.

## Hatua ya 8: Safari kuu, potwe au kasa

Potwe. Hawako Utende. Wako upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, kwa hiyo utaondoka mapema asubuhi kwa gari kisha boti. Huja juu kula viumbe vidogo mno vya baharini, na mara nyingi wavuvi wa dagaa ndio wanaojua waliko. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hali watu, lakini mkia wake ni mzito.

Ingia majini kimya, usiruke. Kaa umbali usiopungua mita tatu kutoka mwilini, na zaidi kutoka mkiani. Usimguse, usimzibie njia, usitumie mwanga wa kamera. Boti ikiwakimbiza au ikimwaga watu kumi kichwani pa samaki mmoja, mwambie nahodha kwa heshima kwamba utasubiri. Potwe akibughudhiwa huzama na hamumwoni tena, nyinyi wala wanaofuata.

Kasa. Mashua hukupeleka Juani maji yakiwa yamejaa, kisha unatembea kukatisha kisiwa hadi pwani ya mashariki. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, na viota hulindwa na watu wa kijijini wanaofanya kazi na shirika la Sea Sense. Wao ndio wanaojua kiota kipi kiko tayari, kwa hiyo uliza jioni iliyotangulia. Simama nyuma ya kiota, usitengeneze kivuli wala vilima vya nyayo kwenye njia ya kuelekea majini, na usimnyanyue mtoto wa kasa kumsaidia.

Siku nyingine hakuna kiota kinachotoka. Pitia basi magofu ya Kua, upande wa magharibi wa kisiwa hichohicho, lakini kumbuka mashua inahitaji maji ya kutosha kukurudisha. Ukichelewa utakaa mikokoni hadi maji yarudi.

## Hatua ya 9: Nusu siku Chole, kwa miguu

Vuka asubuhi maji yakiwa mengi. Chukua mwongozaji wa kijijini. Malipo yake hubaki palepale kisiwani. Utaona popo wakubwa wa matunda wakining'inia mchana kwenye miti, wa jamii inayopatikana pia Komoro na Shelisheli. Usipige makofi kuwaamsha waruke kwa ajili ya picha. Ukibahatika utakuta mafundi wa majahazi wakifanya kazi kwa tezo na keekee. Kaa nao kidogo ukiruhusiwa.

## Hatua ya 10: Acha siku moja ya akiba

Upepo huzuia kivuko, na mvua huchelewesha ndege ndogo. Usiweke mtihani, harusi wala ndege ya nje ya nchi siku ileile unayotoka Mafia. Anayerudi kwa Nyamisati athibitishe muda wa chombo jioni iliyotangulia, alale Kilindoni kama kinaondoka alfajiri, na apate usafiri wa Dar kabla giza halijaingia. Anayeruka ahesabu tena zile saa 18, apime begi lake, na atoe mchanga kwenye viatu kabla hajavifunga.